Ugumba: Na Mume Apimwe

 

Ndugu Waislamu, katika mtaa ninaofundisha, mwanamke mmoja aliachwa baada ya miaka minne ya ndoa kwa kuwa hakuzaa. Mawifi walimwita tasa hadharani, akanyweshwa dawa za miti na kuvishwa hirizi. Mume hakupimwa hata mara moja. Leo mwanamke yule yuko kwa mume mwingine na analea watoto wawili. Aliyemwacha ameoa tena, na nyumba yake bado haina mtoto. Ni nani atakayemrejeshea heshima iliyovunjwa bila ya ushahidi?

Surat Ash-Shura (aya ya 49 na 50) yatufunza kwamba mwenye kugawa watoto wa kike na wa kiume, na mwenye kumjaalia mtu asizae, ni Allah peke Yake. Neno la Kiarabu “aqim” lililotumika humo humhusu mume kama limhusuvyo mke. Na Nabii Zakariya (A.S.) alipostaajabia bishara ya mtoto, katika Surat Aal Imran aya ya 40, alianza kuutaja uzee wake mwenyewe ndipo akautaja utasa wa mkewe. Ikiwa Nabii alianza na nafsi yake, sisi ni nani hata tuanze na wake zetu?

Matabibu nao wanasema hivyo hivyo. Ugumba ni kukosa mimba baada ya miezi 12 ya kukutana bila ya kinga. Mke aliyepita umri wa miaka 35 asingoje zaidi ya miezi 6. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hufikwa na tatizo hili katika maisha yake. Na katika takriban nusu ya ndoa zenye tatizo hilo, mume huwa na sehemu yake.

Kwa mke, sababu zilizo nyingi ni kuziba kwa mirija ya uzazi kutokana na kisonono, klamidia au kifua kikuu, mayai kutopevuka kwa kuvurugika homoni, na uvimbe katika kizazi. Kwa mume, ni uchache au udhaifu wa mbegu, kuvimba mishipa ya korodani, matubwitubwi yaliyoshuka korodanini, na uvutaji wa sigara.

Tiba zipo. Kuna vidonge vya kupevusha mayai, dawa za maambukizi, na upasuaji wa uvimbe na mishipa. Yakishindikana hayo, mbegu na yai huunganishwa nje ya mwili, njia iliyozaa mtoto wa kwanza Uingereza mwaka 1978. Gharama yake kwetu hufikia mamilioni ya shilingi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliiruhusu kwa dharura, kwa sharti mbegu iwe ya mume, yai liwe la mkewe, na kizazi kiwe chake huyo huyo. Kumwingiza mtu wa tatu ni haramu, kwani huchanganya nasaba.

Wapo wasemao kwamba kupimwa ni upungufu wa tawakkul. La hasha! Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa. Upungufu hasa ni kumwendea mpiga ramli, ambako mtu hupoteza mali yake na itikadi yake pamoja. Na ndoa ya pili ni halali, lakini si dawa ya mbegu dhaifu.

Basi rai yangu ni hii: mume atangulie maabara. Kupima manii ni kwepesi na gharama yake ni ndogo kuliko vipimo vingi vya mke. Maimamu nasi, tuletewapo shauri la talaka kwa sababu ya uzazi, tuulize kwanza: je, mume amepimwa? Tusimhukumu mtu kabla ya kusikiliza pande zote mbili.

Twamwomba Allah awaruzuku kizazi chema wanaokitamani, na awape subira na mapenzi waliokadiriwa kukikosa. Amin. Wabillahi tawfiq.