Kabla hujalaumu spika za gari lako

Naam, nimerudi. Safari hii sina habari za programu wala za tarakilishi. Nina malalamiko kuhusu muziki wa gari, na nakiri mapema kwamba sehemu ya malalamiko yenyewe inanihusu mimi.

Gari langu ni Probox iliyotoka Japani, na wenye magari kama haya mnajua yanavyokuja. Redio za zamani za Japani hukoma kwenye 90 MHz, ilhali stesheni zetu zimetapakaa kati ya 88 na 108. Unabaki na stesheni mbili tatu na kelele za mchanga. Kwa hiyo unabadilisha redio. Ukishabadilisha redio, unashawishika kuongeza spika, na ukishaongeza spika, unaambiwa kwamba bila amplifaya hujafanya kitu. Hivyo ndivyo nilivyojikuta na redio mpya, spika nne, wufa moja kwenye buti, na amplifaya iliyoandikwa "wati 1200" kwa herufi nyekundu.

Tangu siku ya kwanza kulikuwa na mluzi mwembamba uliopanda na kushuka kadiri nilivyokanyaga mafuta. Nikajiambia ndivyo mambo haya yalivyo. Besi nayo ilikuwa hafifu kwa namna ya ajabu: wufa inatikisa buti, lakini mbele, pale nilipokaa, hakuna uzito. Baada ya miezi michache sauti ikaanza kupasuka nikipita nusu ya kiwango. Kisha siku moja nikielekea Nakuru, amplifaya ikazima yenyewe, taa yake nyekundu ikawaka. Dakika kumi baadaye ikarudi. Kisha ikazima tena.

Nikarudi kwa fundi aliyenifungia. Alisikiliza kwa muda wa nusu wimbo, akatikisa kichwa. "Mkubwa, hizi spika zimechoka. Na hii amplifaya ni ndogo, ndiyo maana inalia." Sikuuliza alijuaje. Nikanunua spika mpya za milango ya mbele, shilingi 9,500, zikafungwa, na sauti ikawa ile ile. Ile ile kabisa! Nilipoambiwa sasa nitafute amplifaya kubwa zaidi, ndipo akili ikanirudia. Kazini, mtu akiniambia programu ni nzito tununue seva kubwa, swali langu la kwanza huwa: umepima wapi muda unapopotea? Hapa kwenye gari langu nilikuwa nimetumia elfu tisa na mia tano bila kupima hata kitu kimoja.

Jumamosi iliyofuata nilichukua mita ya umeme, ile ya kawaida inayouzwa Luthuli Avenue kwa bei isiyofikia ya spika moja. Jirani yangu anayefunga sola akaniazima mita yake ya kubana waya, inayopima mkondo wa DC. Nikatengeneza faili ya sauti ya mlio mmoja tu wa 50 Hz, nikaiweka kwenye simu. Muziki wa kawaida haufai kwa kazi hii kwa sababu unapanda na kushuka, na mita inacheza nao. Mlio mmoja unakaa palepale.

Injini ikiunguruma na muziki umezimwa, betri ilisoma volti 14.2. Safi, alteneta ni nzima. Nikapiga ule mlio kwa nguvu. Betri ikashuka hadi 13.8, jambo la kawaida. Kwenye amplifaya yenyewe, huko nyuma, mita ikasoma 11.3.

Volti mbili na nusu zimepotelea njiani. Njia ni mbili tu, waya wa kwenda na wa kurudi, kwa hiyo nikapima kila mmoja peke yake: ncha moja ya mita kwenye betri, nyingine kwenye amplifaya, chanya kwa chanya, kisha hasi kwa hasi. (Ndiyo, kwa hasi utahitaji kipande kirefu cha waya. Nilitumia waya wa kuanikia nguo, una chuma ndani. Mama watoto hajaambiwa.) Waya chanya ulipoteza volti 0.6. Upande wa hasi ulipoteza 1.9.

Nikafunua zulia. Waya wa hasi ulikuwa umekazwa kwa skrubu ndogo ya bati karibu na mguu wa kiti cha nyuma, juu ya rangi ya gari. Rangi haipitishi umeme. Mkondo wote ulikuwa unapita kwenye kingo za skrubu moja, ambayo ilikuwa imeanza kushika kutu. Mita ya jirani ilionyesha ampea 24 zikipita hapo. Zidisha na volti 1.9, unapata wati 45 hivi za joto katika sehemu ndogo kuliko ukucha. Pasi ya kulehemu saketi huwa na nguvu za kiasi hicho. Plastiki ya waya ilikuwa imebadilika rangi kuwa ya kahawia, na ule upande wa chini wa zulia ulikuwa umekauka kama karatasi. Juu ya kiti hicho ndipo wanangu hulala tukienda ushago.

Kuna jambo hapa ambalo watu wengi hukosea, nami nilikaribia kukosea. Ukipima kiungo kama hicho kwa kipimo cha omu, muziki ukiwa umezimwa, mita itakuambia kila kitu ni sawa. Volti 1.9 kwa ampea 24 ni kama omu 0.08 tu, na mita za bei nafuu haziwezi kuona ukinzani mdogo hivyo. Waya za mita yenyewe zina zaidi ya hapo. Hitilafu hii huonekana tu mzigo ukiwepo.

Nilikwangua rangi kwa msasa hadi bati likang'aa, nikafunga kwa bolti, nati na kichwa cha waya kilichobanwa vizuri, kisha nikapaka grisi juu kuzuia kutu. Hasara ya upande huo ikashuka chini ya volti 0.1. Amplifaya haijazima tena tangu siku hiyo. Mluzi nao ulipungua sana, na sababu yake inaeleweka: hasi ya amplifaya ilikuwa juu ya hasi ya redio kwa karibu volti mbili, kwa hiyo sehemu ya mkondo ilikuwa ikitafuta njia ya kurudi kupitia waya za RCA zinazoleta sauti. Mluzi uliobaki uliisha nilipozihamisha waya hizo upande wa pili wa gari. Zilikuwa zimefungwa pamoja na waya mkubwa wa betri kama kuni za mzigo mmoja.

Tukija kwenye waya chanya, hapo niliibiwa tu. Niliuziwa waya mnene kama kidole. Nilipokata ncha yake nikakuta plastiki ndiyo nene, na nyuzi za ndani ukizikwangua kwa kisu zinakuwa nyeupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini ya aina hiyo si haramu, lakini hupitisha umeme kwa kama theluthi mbili tu ya shaba, kwa hiyo inahitaji kuwa nene zaidi, na hii ilikuwa nyembamba zaidi.

Na lililonitia baridi zaidi halikuhusu sauti hata kidogo. Fyuzi ilikuwa kwenye buti, sentimita ishirini kutoka kwenye amplifaya. Karibu na betri hakukuwa na fyuzi yoyote. Waya ulipita kwenye tundu la bati kati ya injini na dashibodi bila kizibo cha raba, na ukingo wa bati ulikuwa umeanza kuula. Watu hudhani fyuzi ni ya kulinda amplifaya. Fyuzi hii ni ya kulinda waya, yaani ni ya kulinda gari. Bati likiugusa huo waya, betri inaweza kumwaga mamia ya ampea bila kupita kwenye fyuzi ya nyuma, na plastiki inashika moto chini ya miguu yako. Fyuzi kubwa inatakiwa iwe ndani ya sentimita 45 hivi kutoka kwenye betri. Ukisoma makala hii na ukawa na amplifaya garini, fungua boneti leo uangalie hilo tu. Mengine yanaweza kusubiri.

Besi ya mbele ilikuwa rahisi kiasi cha aibu. Geuza kitufe cha kupeleka sauti kushoto na kulia. Ukielekeza upande mmoja na besi ikaongezeka, basi spika zako mbili zinapingana: moja inasukuma hewa, nyingine inaivuta. Nikachomoa waya za kila spika, nikazigusisha na betri ndogo ya volti 1.5 ya rimoti. Spika ya kulia ilitoka nje, ya kushoto ikaingia ndani. Waya zimegeuzwa. Dakika tano za kazi, na huo ndio "uchovu" ulionigharimu 9,500.

Mwisho, geini. Fundi alikuwa ameizungusha hadi mwisho, kama wafanyavyo wengi, kwa sababu mteja akisikia kelele nyingi haraka hulipa haraka. Geini si kitufe cha kuongeza sauti. Kazi yake ni kulinganisha volti zinazotoka kwenye redio na zile amplifaya inazotarajia. Ukiipitiliza, kilele cha wimbi kinakatwa, na spika inapewa kitu kinachofanana na wimbi la mraba. Kwa wati 50 kwenye spika ya omu 4, amplifaya inatakiwa kutoa volti 14.1 za AC; unazidisha 50 kwa 4 na kutafuta kipeuo cha pili. Nilichomoa spika, nikazima vichujio vyote, nikaweka redio robo tatu, nikapiga mlio wa 50 Hz (mita za bei nafuu husoma vizuri kwenye masafa ya umeme wa nyumbani), nikageuza geini taratibu hadi 14. Kisha nikarudisha kichujio cha spika za milango kwenye 80 Hz. Spika ya inchi sita na nusu haina haja ya kubeba besi nzito wakati kuna wufa nyuma.

Zile wati 1200 nazo, msizisumbukie. Fyuzi ya amplifaya yangu ni ya ampea 30. Mara volti 14.4 unapata wati 432 zinazoingia, na kwa aina hii ya amplifaya karibu nusu yake hugeuka joto.

Sasa mtasema nimwage lawama zote kwa fundi. Siwezi. Nilipompelekea gari mara ya kwanza aliniomba elfu mbili za kazi, nikabishana naye hadi ikawa mia nane, na nikajisifu kwa jirani. Kwa mia nane nani atakwangua rangi? Nani atapitisha waya pande mbili tofauti? Tunawalipa mafundi kwa kufunga na kwa kuuza, hatuwalipi kwa kupima, halafu tunashangaa jibu lao likiwa ni kununua. Msimamo wangu ni kwamba tuwalipe saa moja ya kupima, tena vizuri, na kabla ya kununua chochote tudai namba mbili zilizosomwa mlio ukiwa juu: volti kwenye betri na volti kwenye amplifaya. Fundi anayekataa kuzitoa, mshukuru uende kwa mwingine.

Nilimwonyesha fundi wangu ile skrubu. Aliitazama kwa muda, akaniomba niibaki naye, na kabla sijaondoka akauliza mita kama ile inauzwa duka gani.

Spika zangu za kwanza, zilizo nzima kabisa, bado ziko kwenye katoni chini ya meza ninayoandikia. Mlango wa kulia unatetemeka kidogo besi ikikolea, nadhani ni klipu iliyolegea, nami nitaufungua Jumamosi.