Moshi hauchagui rangi, ila bei ya nyumba inachagua

Ella Adoo-Kissi-Debrah alifariki London Februari 2013, akiwa na miaka 9 tu. Alikuwa mtoto mweusi mwenye ugonjwa wa pumu, na kwao kulikuwa karibu na South Circular, barabara ya magari mengi. Mama yake, Rosamund, alipigania ukweli miaka mingi. Desemba 2020, afisa wa sheria anayechunguza vifo alitamka: hewa chafu ilichangia kifo hicho. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza.

Wengine watasema moshi haubagui. Kweli, lakini bei ya nyumba inabagua. London, weusi wengi wanaishi kwenye mitaa ya moshi, na wengi wao hata gari hawana.

Sasa Ulaya inataka magari ya umeme. Vizuri. Lakini kobalti ya betri nyingi inatoka kwetu, Kolwezi, ambako wachimbaji wanapumua vumbi. Ikiwa hewa safi ya London italipwa na mapafu ya Kolwezi, tutakuwa tumehamisha ugonjwa tu. Wanaodai haki ya tabianchi Ulaya wawataje pia wachimbaji wetu.