Nani Anakaa Naye?



Mama zangu na dada zangu, barua ya juma hili naiandika nikiwa mbali na nyumbani. Mume wangu hufanya biashara ya ng'onda, na biashara hiyo imetufikisha Lodwar, kisha kaskazini zaidi hadi Lowarengak, kijiji cha wavuvi kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, upande wa kuelekea mpaka wa Ethiopia. Mtu wa pwani akifika huku hushikwa na bumbuwazi. Pana maji hadi upeo wa macho, pana mitumbwi, nyavu na samaki walioanikwa juani, lakini minazi hapana. Mti wao ni mkoma, ambao Waturkana huuita eng'ol, na majani yake ndiyo miyaa yao.

Wanaume walipokwenda kupatana bei, mwenyeji wetu alinikalisha kivulini kwa bibi mmoja mjane. Hatukuwa na lugha moja. Yeye alikuwa akishona kikapu, duara juu ya duara. Mimi nikachukua majani nikaanza kusuka ukili kama nilivyofunzwa utotoni. Akautazama, akauvuta kuupima nguvu, akacheka. Tukakaa hivyo hadi karibu na Alasiri. Nilipoinuka kuaga alinishika kifundo cha mkono, akasema neno. Mtoto wa jirani ndiye aliyenifasiria: "Anauliza kama utakuja kesho."

Nilidhani ataomba sukari au tumbaku.

Serikali haikuwasahau wazee wa namna hii. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zake na kwa dola. Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulifunguliwa kwa waliotimiza miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi. Turkana pia ni miongoni mwa kaunti kame ambazo kaya zilizoteuliwa hupokea fedha za kujikinga na njaa. Ndugu zetu wa Zanzibar walitutangulia: tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 ana posho yake, na wasio na jamaa wana makao ya Sebleni na Welezo. Hayo yote ni ya kushukuriwa. Lakini yule bibi hakuniuliza habari ya fedha.

Nilimuuliza mwenyeji wetu wako wapi watu wa bibi yule. Vijana, akasema, hufuata malisho ya mbali kiangazi kinapokaza. Wengine hulala ziwani, wengine wako Lodwar na Kakuma wakitafuta vibarua. Ziwa nalo limefura miaka ya karibuni, likameza ufuo na nyumba za watu, na waliohama hawakuhamia mahali pamoja, basi majirani wa miaka 40 wametawanyika. Kisha kuna vita vya mpakani. Mauaji ya Todonyang ya Mei 2011 yangali yakitajwa huku kana kwamba ni ya jana. Nikawakumbuka pia wazee wa kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992. Mtu amefika pale hali ya kuwa ni kijana, leo mvi zimemjaa kichwani, na wa rika lake aliyekua naye kijijini kwao hayupo hata mmoja.

Wazee wanaume wa Kiturkana nimewaona wana mti wao. Kila mmoja huja na kigoda chake, ekicholong, wakapiga soga hadi jua litue. Kwetu wana baraza la msikiti, kahawa na bao. Mwanamke ndiye asiye na mti wala baraza. Mwanamke wa pwani maisha yake yamo ndani ya nyumba, na nyumba ikishahamwa na watoto, amebaki na kuta.

Tuitazame eda yetu. Miezi minne na siku kumi nyumba ya mjane haiishi watu: huyu kaleta uji, yule kaja kumsomea, wajukuu wanalala kwa zamu. Eda ikiisha, wote huona kuwa wajibu wao umekwisha. Kwa nilivyoona mimi, upweke wenyewe huanza siku hiyo, na mwenyewe huona haya kuusema.

Wataalamu nao wameanza kulihesabu jambo hili. Shirika la Afya Duniani liliunda tume maalumu mwaka 2023, na ripoti yake ya Juni 2025 ilisema kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke, na kwamba vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka vinahusishwa nao. Sisi tulikwisha kuambiwa zamani. Aya ya 23 ya Suratul Israa inayotukataza hata kuwagunia wazazi imetaja uzee kuwafikia wakiwa *kwako*, yaani karibu nawe. Neno hilo nililipita miaka mingi bila kulisimamia.

Na mimi ndiye wa kwanza wa kulaumiwa. Shangazi yangu aliyenilea yuko Mombasa, mjane wa miaka mitatu. Nina binti wa kazi anayempikia na kumfulia, na kila mwisho wa mwezi fedha zake humfikia kwa simu. Nilijiona nimetimiza. Usiku ule Lodwar nilimpigia, nikamwamkia, nikamuuliza leo umezungumza na nani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Na wewe, mwanangu." Ilikuwa saa tatu ya usiku.

Binti wa kazi ana kazi zake. Usimtwishe na hili. Anayetakiwa ni mtu wa kuja kukaa, kwa siku inayojulikana, kwa sababu kumngojea mgeni wa Jumanne humchangamsha mzee tangu Jumatatu. Asije na maswali ya dawa tu. Hadithi aliyoisikia mara kumi aisikilize ya kumi na moja. Na muhimu zaidi, amwombe mzee kitu: amfunze, amtume, amkosoe. Mjini Harare, katika mtaa wa Mbare, Dakta Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14, akawakalisha kwenye mabenchi nje ya zahanati wawasikilize watu wenye huzuni, na kazi yao imeenea nchi nyingine. Hakuwatafutia mabibi wale wa kuwaliwaza, aliwapa watu wa kuwaliwaza wao.

Basi nimepatana na mwalimu wa madrasa ya mtaani kwetu. Wasichana wawili humwendea Shangazi kila Jumanne baada ya Alasiri kujifunza kusuka kawa. Wamekwenda mara mbili. Jana amenipigia yeye mwenyewe, kulalamika: mikono yao mizito, ukili wao umelegea, na mmoja hajui hata kukuna nazi. Alilalamika kwa dakika 20.