Vumbi ya shimo inarudi na baba nyumbani



Kila mutu hapa anajua hatari ya shimo: udongo kuanguka, maji kuingia. Hiyo tunaiongelea kila siku. Kuna ingine hatuiongelei, na haibaki kule kwenye karieri. Inarudi jioni ndani ya nguo ya kazi.

Toka SOMINKI ya 1976 mpaka leo tunachimba kwa mikono, Punia inakula kwa kasiterite. Ile inayooshwa mtoni haina vumbi sana. Lakini ile ya mwamba wa kwarsi, ukiipasua na kuisaga kavu, inatoa vumbi laini ya silika. Ikifika ndani ya mapafu haitoki tena. Inaleta silikosi, na mwenye silikosi anashikwa na kifua kikuu upesi kuliko wengine. Sasa baba anafika, anabeba mtoto, shati bado mwilini. Mama anakung'uta suruali mbele ya kuifua. Nani aliisha kumuuliza yule mama kuhusu kikohozi yake?

Hatutungi. London, mwaka 1965, watafiti Newhouse na Thompson walionyesha kwamba mesothelioma, ile kansa ya amianti, ilishika pia watu wa nyumba za wafanyakazi. Hawakufanya kazi ya amianti; kuna waliofua tu nguo. Na hapa Kongo, utafiti wa Lubumbashi wa 2020 uliona kasoro za kuzaliwa nyingi zaidi kwa watoto ambao baba yao anafanya kazi ya madini. Baba, si mama! Tunajua: amianti, silika na kobalti si kitu kimoja. Njia ya kuingia nyumbani ndiyo moja.

Kwa zahabu ni mbaya zaidi, juu merkiri inachomwa hata jikoni, watoto wakiangalia. Mkataba wa Minamata wa 2013 unataka kuchoma namna hiyo penye makao ya watu kukomeshwe.

Hatusemi wachimbaji waache kazi. Wengi wetu tuko na diplome ya iniversite na tunashuka kwenye shimo sawa wao, kazi ingine haiko. Tunaomba vitu vinavyowezekana. SAEMAPE ifundishe kulowesha mawe mbele ya kuyapasua, na kuchomea zahabu mbali na nyumba. Zone ya afya, ikipokea mama wa kikohozi kirefu, imuulize bwana yake anafanya kazi gani na nani anafua nguo zake.

Na viongozi wa sekta: Code ya madini ya 2018 inapatia entité za mahali 15% ya redevansi, kwa miundombinu ya msingi ya raia. Basi tunataka kuona, kwenye kila karieri kubwa, tanki ya maji, sabuni na kibanda cha kubadilishia nguo. Ni mabati machache tu. Mutuambie ile pesa ilifika ao haikufika, na kama ilifika, ilijenga nini.