Noah zazeeka nasi: chumvi, nyaya na ukaguzi unaokuja

Mwaka 2025 serikali ilitoa rasimu ya kanuni za ukaguzi zinazogusa hata gari la binafsi lililopitisha miaka minne tangu kuundwa. Hadi sasa tumezoea kuona ukaguzi ukiwa mzigo wa matatu na malori. Mjadala uliofuata ukawa wa ada na hongo, na wenye hofu hiyo wana haki. Lakini huku Pwani gari lenyewe halikuzungumzwa.

Toyota Noah na nduguye Voxy ndizo gari za ukoo kwetu. Zabeba arusi, mazishi, watoto wa madrasa na safari za Idi. Zile za toleo la 2007 hadi 2013 bado ziko kila mtaa kutoka Likoni hadi Mtwapa, na iliyo changa kati yake imeshapita miaka kumi. Kuibadilisha si rahisi. Haliingizwi nchini gari lililozidi miaka 8, na Julai 2023 ushuru wa forodha ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35, kabla hujafika kwenye ushuru wa bidhaa na VAT. Gari zashushwa Kilindini mbele ya macho yetu, sisi twarudi gereji.

Adui wa kwanza ni maji. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na ndiyo yanayomiminwa kwenye rejeta kila gari likichemsha. Injini ya Noah hiyo ni ya aluminiamu, na chumvi yaila aluminiamu taratibu: rejeta, pampu ya maji, mwisho kichwa cha injini. Halafu fundi ang'oa themostati "ili injini ipoe". Kompyuta ya gari yadhani injini bado baridi, yazidisha petroli, na mwenye gari alalamika kuwa Noah yanywa mafuta.

Giaboksi nayo si ya kawaida. Ni CVT, yenye mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na yataka oili yake maalumu. Ukiitia oili ya giaboksi nyingine ya otomatiki kwa kuwa ni rahisi, mkanda waanza kuteleza, na bili yake haisemeki.

Linalonitisha zaidi ni umeme. Hewa ya bahari yafanya kutu ya kijani kwenye vichwa vya betri na kwenye waya za ardhi, ndipo taa zapepesa na kompyuta yatoa makosa yasiyokuwepo. Fundi asoma kosa hilo kwa kifaa chake, abadilisha sensa, kosa larudi wiki ya pili. Alipaswa kusafisha waya wa shilingi chache. Juu ya hapo tumeongeza wenyewe: alamu, redio kubwa, taa za rangi, kila kimoja kimekatiwa waya wa kiwandani na kufungwa kwa tepe. Fyuzi ikiungua mara mbili, mtu aweka kipande cha waya mahali pake. Basi siku waya ukipata moto, hakuna cha kuukata.

Na mlango. Ule wa kuteleza kwa umeme wategemea mota, kebo na reli iliyojaa mchanga wetu. Kebo ikikatika au kukwama, watoto saba wabaki nyuma wakisubiri mtu wa nje. Gari likiwa linafuka moshi, hilo si usumbufu tena.

Kwa hivyo siupingi ukaguzi. Naupinga ukaguzi wa kuangalia tairi, taa na stika, kisha mtu apewa cheti. Mkaguzi afungue kisanduku cha fyuzi. Ajaribu mlango kutoka ndani. Na kaunti zetu za Pwani, zenye vyuo vya ufundi, zifundishe vijana umeme wa magari haya hasa. Leo wengi wajifunza kwa gari ya mteja.

Kanuni zije zisije, mwenye Noah aweza kufanya hili jioni ya leo: zima swichi ya mlango wa umeme, hakikisha loki ya watoto imeondolewa, kisha mwambie bibi aliyeketi nyuma auvute kwa mkono. Akishindwa, gari hilo lisibebe mtu mpaka mlango utengenezwe.