Bastola Bandia, Hofu ya Kweli

Wako watu wasemao kwamba kukusanya bastola bandia za michezo ya televisheni ni burudani isiyomdhuru mtu. Mchezo wa upelelezi wa Kimarekani, Miami Vice, ulioonyeshwa kuanzia 1984 hadi 1989, uliipa sifa bastola ya Bren Ten aliyoichukua mpelelezi Sonny Crockett. Kampuni iliyoiunda ilifilisika mwaka 1986, lakini mpaka leo wapo wautafutao mfano wake.

Watetezi wao hutuambia kuwa huo ni ukumbusho wa hadithi tu. Sisi hatukubaliani nao. Katika mchezo, risasi ni baruti tupu, na maiti huinuka akaenda zake nyumbani. Nje ya mchezo, mfano huo hauna hadithi tena. Umebaki na sura. Marekani yenyewe ililitambua jambo hili mwaka 1988, ilipotunga sheria kwamba bunduki za kuchezea ziwe na alama ya rangi ya machungwa mdomoni. Lakini mkusanyaji hutaka mfano usiotofautika na asili, na alama humharibia. Mnamo Novemba 2014, mjini Cleveland, polisi alimpiga risasi na kumwua mtoto wa miaka 12 aliyekuwa na bastola bandia isiyo na alama hiyo.

Sisi walimu wa lugha twajua kuwa maana haikai kwa msemaji peke yake. Neno “bandia” analijua mwenye bastola. Aelekezewaye haoni ila mauti. Apendaye hadithi, basi na aisimulie.