Gari Linywe Mbono?

Vijiweni watu wanabishana eti dizeli lazima itoke kisimani Uarabuni. Si kweli! Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya dizeli ilizungushwa kwa mafuta ya karanga.

Na hapa kwetu je? Ule mbono kaburi tunaouzungushia mashamba kama uzio, mbegu zake zina mafuta. Miaka ya 2000 kampuni ya Diligent ilikuwa ikikamua mbono hapa hapa Arusha, na kule Engaruka, Monduli, ikafungwa mashine ya kijiji inayoweza kunywa dizeli au mbono.

Kiufundi hakuna soo. Mafuta ya mbono ni mazito, kwa hiyo gari linafungwa matangi mawili. Unawasha kwa dizeli, mbono ukishapata moto unahamia huko, na kabla ya kuzima unarudi kwenye dizeli ili nozeli zisizibe.

Kasheshe ipo shambani, bwana. Lita 1 inataka kama kilo 4 hadi 5 za mbegu, na zinachumwa kwa mkono. Ukimlipa mchumaji vizuri, lita inaishinda dizeli kwa bei. Ukimpunja, anaziacha zidondoke, anakwenda kupalilia maharage yake.

Ndiyo maana mimi nikisikia injini mpya inasifiwa, nauliza kwanza: mchumaji anapata ngapi? Wewe je, ungechuma kilo 5 kwa pesa isiyofika bei ya lita moja? Nijibu, tukutane wiki ijayo.